Cadillac ya 1959, Continental Mark II au Lincoln ya 1961: Ipi Ikufae?

Mashabiki wa magari ya kifahari ya Kimarekani wakibanwa wataje moja tu, ubishi hauchukui muda kuangukia majina matatu. Wa kwanza atataja Cadillac ya 1959, ile yenye mapezi ya bati yaliyosimama mkiani. Wa pili atamcheka na kutaja Continental Mark II ya 1956 na 1957. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mkimya kuliko wote, atasubiri wachoke halafu aseme Lincoln Continental ya 1961. Magari yote matatu yaliundwa Michigan ndani ya miaka michache tu, yote yana injini ya silinda nane, na yote yanapita tani mbili. Lakini yakiegeshwa pamoja utadhani wachoraji wake hawakuwahi kuishi katika nchi moja.

Makala hii ni ya anayeyapenda yote na analazimika kuchagua. Huenda ni ndugu yetu aliyeko Minneapolis au Toronto, ameona tangazo la gari linalouzwa na usingizi umempotea. Huenda ni shabiki wa modeli ndogo ambaye kabati lake limebakiza nafasi moja. Huenda ni mtu wa kijiweni tu, anataka kujua asimame upande gani.

Nitayapima kwa mambo manne. La kwanza ni sura ya nje, na hapo ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hakuna anayetafuta gari la 1959 kwa ajili ya ulaji wa mafuta. La pili ni ndani: viti, dashibodi, na mlango unavyokupokea. La tatu ni mitambo na mwendo. La nne ni kuishi nalo, yaani spea, kutu na bei. Alama sitoi, kwa kuwa anayetaka gari la kusimamisha watu barabarani na anayetaka gari la kutazama peke yake jioni hawawezi kupimwa kwa mizani moja.

Atakayeuliza mbona Imperial ya Chrysler haimo ana haki ya kuuliza. Imperial ya 1961, yenye taa za mbele zilizosimama peke yake kwa mtindo wa miaka ya 30, ingestahili makala yake. Chrysler itaingia humu hata hivyo, tena mapema.

Sura ya nje

Cadillac ya 1959. Mapezi hayakuanza nayo. Yalianza kama vinundu vidogo kwenye Cadillac ya 1948, baada ya Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors (GM), kampuni mama ya Cadillac, na wachoraji wake kuitazama ndege ya kivita ya Lockheed P-38 yenye mikia miwili. Miaka ikapita, mapezi yakapanda kidogo kidogo. Kisha Chrysler, ambayo usanifu wake ulikuwa mikononi mwa Virgil Exner, ikaja na magari ya 1957: ya chini, paa jembamba, na mapezi yaliyowapita GM kwenye mchezo walioubuni wenyewe. Vijana wa studio za GM waliyaona kabla hayajaingia sokoni, wakarudi ofisini na kufumua mipango ya 1959. Earl mwenyewe alikuwa ukingoni mwa kustaafu, na aliondoka mwishoni mwa 1958. Kwa hiyo ukisimama nyuma ya Cadillac hii unatazama kisasi.

Mapezi hayo ni marefu kuliko ya Cadillac yoyote iliyotangulia au iliyofuata. Mwaka uliofuata yalishushwa, na ilipofika 1965 yalikuwa yamekwisha. Katikati ya kila pezi zimechomoza taa mbili nyekundu zenye ncha ya risasi. Chini yake, pale ambapo magari mengine huwa na bati tupu, kuna shoo (ule wavu wa puani mwa gari) nyingine ya kromu inayorudia nakshi za shoo ya mbele, ingawa haina kazi yoyote. Urefu wa gari ni takriban mita 5.7. Pima gereji kabla hujapiga simu.

Wengi hutazama mapezi wakaishia hapo. Mimi nakushauri uanze na paa. Cadillac za milango minne zilitoka na paa za aina mbili: moja inateremka nyuma na ina vioo sita vya ubavuni, nyingine ni bapa, ina vioo vinne, na kioo chake cha nyuma kimepinda hadi kwenye kona. Hii ya pili ndiyo iliyo hodari zaidi kwa mchoro. Nguzo ni nyembamba kiasi kwamba paa linaonekana halijashikwa na kitu. Ukishaliona hilo, rudisha macho kwenye mapezi. Utagundua hayakubandikwa nyuma. Mstari wake unaanza kuinuka taratibu ubavuni, na ukifika mkiani tayari jicho limeshazoea kupanda. Ndiyo maana linakubali kitu ambacho kwenye karatasi kingechekesha.

Udhaifu wake? Mbele kumejaa. Zile safu za vinundu vya kromu kwenye shoo, pamoja na taa nne na bampa nzito, zinashindana zenyewe kwa zenyewe. Na rangi ya waridi imeigeuza kuwa kikaragosi cha mabango ya mikahawa. Tafuta iliyopakwa nyeusi au kijani iliyoiva, modeli ya kawaida ya Series 62 isiyo na mapambo ya ziada ya Eldorado, Cadillac ya daraja la juu, uone mchoro wenyewe ukijitegemea.

Continental Mark II. Hili ni gari la mtoto kwa baba yake. Edsel Ford ndiye aliyekuwa nyuma ya Continental ya kwanza, iliyochorwa na Bob Gregorie mwishoni mwa miaka ya 30. Edsel alifariki 1943. Miaka ya 50 mwanawe mdogo, William Clay Ford, alikabidhiwa kitengo kizima cha kuirudisha hadhi hiyo, na kitengo hicho kilitengwa na Lincoln, chapa ya kifahari ya Ford: kwa jina rasmi Mark II ni Continental, wala si Lincoln, ingawa wengi huichanganya. Mchoraji alikuwa John Reinhart. Kwenye uhandisi wa bodi ya gari alikuwapo Gordon Buehrig, yule yule aliyechora gari la Cord 810 la miaka ya 30. Gari lilizinduliwa kwenye maonyesho ya Paris, Oktoba 1955.

Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Detroit nzima ilikuwa ikipaka magari rangi mbili hadi tatu na kuyafunga mikanda ya kromu ubavuni. Mark II ikaja na ubavu ulio karibu mtupu. Boneti ndefu, chumba cha abiria kimesogezwa nyuma, buti fupi lenye uvimbe wa duara wa tairi la akiba, kumbukumbu ya gari la Edsel. Karibu na gurudumu la nyuma bodi inainuka kidogo, kiasi cha kutosha tu jicho lisilale. Ukiwa mbali unaweza kulipita bila kugeuka. Ni gari la aina ya kanzu iliyodariziwa kwa uzi wa rangi ya kitambaa chenyewe: tarizi huioni hadi usimame karibu na mwenye kanzu. Ukisogea ndipo unaona kwamba mapanga ya vifuniko vya ringi yamefungwa moja moja, kwamba mdomo wa tangi la mafuta umefichwa nyuma ya taa ya kushoto, na kwamba rangi ina kina cha kitu kilichosuguliwa kwa mkono tabaka juu ya tabaka.

Kasoro zake zipo. Uso wa mbele, kwa maoni yangu, haukufikia ubora wa ubavu. Shoo yake ya viboksi ni safi lakini ingeweza kuwa ya gari lolote. Ule uvimbe wa buti nao unagawa watu. Wapo wanaoupenda kwa historia yake, wapo wanaoona ni heshima ya mtoto kwa baba iliyozidi kipimo. Tena ilitolewa kwa milango miwili tu, hivyo mwenye familia kubwa ataiheshimu kwa mbali.

Lincoln Continental ya 1961. Kuielewa lazima uione iliyotangulia. Lincoln za 1958 hadi 1960 zilikuwa majabali yenye urefu wa takriban mita 5.8, taa zimepachikwa kwa mshazari, bati limekunjwa kunjwa, na hasara juu yake. Robert McNamara, mmoja wa wakuu wa Ford wakati huo, alikuwa akijiuliza kama Lincoln iendelee kuwapo. Wakati huohuo Elwood Engel alikuwa amechora pendekezo la Ford Thunderbird mpya. McNamara aliliona, akataka lirefushwe na liongezwe milango miwili, liwe Lincoln. Januari 1961 McNamara alikuwa ameshahamia Washington kuwa Waziri wa Ulinzi wa Rais John F. Kennedy, na gari la rais lililokuja kujulikana dunia nzima kwa msiba wa Dallas, pale rais huyo alipouawa, lilikuwa Lincoln hiyo hiyo ya 1961, ikiwa imerefushwa na kampuni ya Hess & Eisenhardt ya Cincinnati.

Mchoro wenyewe ni mistari michache kuliko unavyodhani. Ubavu karibu bapa. Juu yake, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, umepita ukanda mmoja mwembamba wa kung'aa uliofuata ukingo wa bodi, na ukanda huo ndio unaolibeba gari zima. Mapezi hakuna. Vioo vya pembeni vimepinda kuingia ndani kadiri vinavyopanda, jambo lililokuwa geni kwa wakati huo. Milango minne inafunguka kutokea katikati: ya mbele inaelekea mbele, ya nyuma inaelekea nyuma, kama kabati la nguo. Hilo halikuwa pambo. Gari lilipofupishwa, nafasi ya mguu wa abiria wa nyuma ilibana kwenye nguzo, na kugeuza bawaba kulitatua tatizo. Urefu ukashuka hadi takriban mita 5.4, na kwa gari la hadhi hii nchini Marekani kupungua kwa kiasi hicho kulikuwa ujasiri.

Ninaloliona pungufu ni kwamba linategemea unyofu wa bati. Cadillac iliyopondeka kidogo bado ni Cadillac, macho yana mengine ya kutazama. Lincoln hii ikipigwa bodi na fundi mbovu, mawimbi yanaonekana ubavuni kutoka ng'ambo ya barabara, na hakuna kromu ya kuyafichia.

Ndani

Cadillac inakupokea kwa ukarimu wa sebule ya miaka ya 50: viti virefu vya mbele na nyuma, vitambaa vilivyofumwa na nyuzi za kumetameta kwenye modeli nyingi, ngozi kwenye Eldorado. Kioo cha mbele ni kikubwa kiasi cha kukufanya uhisi uko nje. Juu ya dashibodi ya gari lililonunuliwa na mapambo yote utakuta kijicho cha umeme, kifaa cha kushusha taa chenyewe gari la mbele linapokaribia. Vitu vya aina hiyo havikufanya kazi vizuri sana, lakini watoto wa leo wakikiona hawabanduki.

Mark II ndiyo iliyopanda zaidi kwa ufundi wa ndani. Ngozi ililetwa kutoka Scotland, kwa wachunaji wa Bridge of Weir. Saa za dashibodi ni za duara, zimepangwa kwa mtindo wa rubani. Vioo vya umeme na kiti cha umeme vilikuja na gari. Kiyoyozi ndicho kilicholipiwa pembeni. Fremu yake ilizamishwa katikati ili abiria aketi wima kwenye gari lenye paa la chini, na kweli unaketi vizuri, kwa heshima. Nyuma panatosha watu wazima wawili wasio na haraka ya kushuka.

Kwenye Lincoln kuna mbao za mjozi kwenye dashibodi, swichi chache, na utulivu. Tatizo lake ni nafasi ya miguu nyuma. Ni finyu kuliko milango yake minne inavyoahidi, na kampuni ililijua hilo, maana modeli ya 1964 iliongezwa sentimita karibu nane kati ya ekseli. Katika kurekebisha, walibadili pia vioo vya pembeni vikawa bapa. Anayetaka mchoro safi hutafuta 1961 hadi 1963; mwenye wazee wa kuwabeba nyuma atapata raha zaidi kwenye 1964 na kuendelea.

Mitambo na mwendo

Hapa sitakaa. Cadillac ina injini ya lita 6.4 yenye nguvu za farasi 325, na 345 kwenye Eldorado iliyofungwa kabureta tatu. Mark II ilipewa injini ya Lincoln ya lita 6.0, farasi 285 mwaka 1956 na 300 mwaka 1957. Lincoln ya 1961 ina lita 7.0 na farasi 300. Zote ni za giaboksi otomatiki, zote zinateleza barabarani kwa ulaini ambao magari ya leo yameusahau, na zote zinakunywa petroli bila haya.

Lincoln ndiyo fupi kuliko zote tatu, na bado ndiyo nzito. Ile ya paa la kukunja inapita tani 2.3. Bodi yake haina fremu ya chini inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo fremu, imeimarishwa kwa bati juu ya bati. Matokeo yake ni mwendo wa gari lililotulia, lisilotikisika kwenye viraka vya lami. Kampuni ilijiamini kiasi cha kutoa dhamana ya miaka miwili au maili 24,000, ndefu kuliko iliyozoeleka.

Breki ni somo la zote tatu. Zote zina breki za dramu mbele na nyuma, na gari la tani mbili linaloteremka mlima kwa breki za dramu linataka dereva anayefikiri mapema. Lincoln zilipata breki za diski mbele kuanzia modeli ya 1965. Anayeishi Colorado au milima ya North Carolina na atafakari hilo.

Kuishi nalo

Idadi ndiyo inayoamua mengi hapa. Mwaka 1959 Cadillac ilitoa magari yapatayo 142,000. Maana yake spea zipo: za zamani zilizovuliwa, na mpya zinazoigwa hadi leo, kuanzia mpira wa mlango hadi lenzi za zile taa za risasi. Kuna pia Cadillac & LaSalle Club, ambako mtu anaweza kuuliza swali la kijinga akajibiwa kwa adabu. Hatari yake ni kwamba umaarufu umevuta matapeli wa bodi: kutu imejazwa putty, rangi imepigwa juu, gari linang'aa kwenye picha. Lala chini ulitazame. Bei nayo imegawanyika vibaya. Zile za paa la kukunja zimepaa, na Eldorado Biarritz, iliyotolewa 1,320 tu na kuuzwa dola 7,401 ikiwa mpya, ni ya matajiri wa minada. Ya milango minne, yenye mapezi yale yale, hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Ukitafuta uzuri kwa kila dola, hapo ndipo pa kuangalia.

Mark II zilitengenezwa kama 3,000 hivi, basi. Ilipotoka bei yake ilikaribia dola 10,000, karibu maradufu ya Cadillac ya kawaida, na bado Ford ilipata hasara kwa kila gari lililouzwa. Walioinunua walikuwa watu wa daraja la Frank Sinatra na Elvis Presley. Injini haitakusumbua, kwa kuwa inafanana na za Lincoln za wakati huo. Vipande vya nje ndivyo vitakavyokutoa machozi: kifuniko kimoja cha ringi, taa moja ya nyuma, kipande cha kromu kilichopinda. Kwa hiyo hapa kanuni ni moja. Nunua iliyokamilika hata kama injini imekufa, usinunue inayotembea huku nusu ya mapambo yake yamepotea.

Lincoln zilitoka kama 25,000 kwa mwaka 1961, na kati yake 2,857 tu ndizo za paa la kukunja. Ya paa la bati ni gari la bei ya ustaarabu hadi leo, pengine ndiyo nafuu kuliko zote tatu kwa ubora unaopata. Ila kagua chini. Kwa kuwa bodi ndiyo fremu, kutu ya sakafuni si ya urembo, inakula uti wa mgongo wa gari. Ya paa la kukunja ni habari nyingine kabisa. Buti linafunguka kinyumenyume, paa zima linajikunja na kujizika humo, na kazi yote hiyo inafanywa na mota, pampu za mafuta, swichi na rilei zinazosubiriana. Moja ikigoma, zote zinagoma, na paa linabaki limesimama nusu angani huku mvua ikikusanyika. Mafundi wanaoufahamu mfumo huo wapo, lakini ni wachache na wanajua thamani yao.

Uchague kwa hali yako

Kama unanunua gari la furaha, la kupeleka kwenye harusi za jumuiya na sherehe za mtaani, watoto wapige picha na wazee watabasamu, chukua Cadillac, na chukua ya milango minne. Hakuna gari kati ya haya linalogawa furaha kwa wasiojua magari kama hilo. Mark II itapita na watu wataendelea na mazungumzo yao.

Kama wewe ni mtu wa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, una subira na una akiba, na hujali kusifiwa na wapita njia, Mark II ndiyo yako. Usiifanye kuwa gari la kwanza la zamani kumiliki, lakini. Anza na kitu chenye spea dukani, ujifunze kuumia kidogo kidogo.

Kama unataka kuendesha kweli kweli, Jumapili kwa Jumapili, na jicho lako linapenda mstari ulionyooka, tafuta Lincoln ya milango minne yenye paa la bati. Anayetaka mchoro halisi asivuke 1963. Anayejali breki kuliko mchoro aende hadi 1965. Shoo ya mbele ilibadilishwa, si nzuri kama ya awali machoni pangu, lakini diski hizo zina maana kubwa kuliko maoni yangu.

Kama bajeti ni ya modeli ndogo ya kabatini, hesabu inageuka. Kwenye modeli ndogo Cadillac hushinda kirahisi kwa kuwa umbo lake linasomeka hata likiwa na urefu wa kiganja, ilhali uzuri wa Mark II uko kwenye vitu vinavyopotea gari likipunguzwa. Lincoln inategemea mtengenezaji: ule ukanda wa juu ukichorwa mnene, gari limekwisha.

Kama unataka tu kuyaona, Marekani ina mahali pawili pa kuanzia. Jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn, linalo gari lenyewe la Kennedy, na ni vizuri kulitazama ukijua lilirudishwa kazini baada ya Dallas na kuwahudumia marais wengine hadi 1977. Kwa mapezi, nenda nje kidogo ya Amarillo, Texas, kwenye Cadillac Ranch: Cadillac kumi zilizozikwa pua chini tangu 1974, za modeli kuanzia 1949 hadi 1963. Zimepakwa rangi za makopo na wageni hadi hazitambuliki, lakini kwa kuwa mikia ndiyo iliyo juu, unaweza kutembea kando ya safu na kuona mapezi yalivyoota, yakafika kilele, yakaanza kunywea.

Na kama unafikiria kulisafirisha nyumbani, fikiria mara mbili. Haya yote yana usukani wa kushoto. Kwenda Goma, Bujumbura, Kigali au Muscat, ambako watu huendesha upande wa kulia, gari litakuwa upande wake. Kenya, mbali na suala la usukani, ina sheria ya magari yasiyozidi miaka minane kwa yanayoingizwa, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Uliza forodha kabla hujamlipa muuzaji, si baada ya gari kupakiwa melini.

Kwa anayekaribia kutoa fedha za Lincoln ya paa la kukunja, neno moja zaidi: mwambie muuzaji alifungue na kulifunga paa mara mbili mbele yako, mara moja injini ikiwa ya baridi na mara moja mkisharudi kutoka barabarani. Akisema leo betri haina nguvu, panga siku nyingine.